Matumizi Sahihi ya Antibiotiki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Sera na Utetezi

Ukurasa huu tumemwandikia mtu anayetaka kusukuma mabadiliko: mjumbe wa kamati ya afya, muuguzi, mfamasia, mfugaji, mwandishi wa habari, au mgonjwa aliyepona ambaye sasa ana jambo la kusema. Ushauri wa tiba yako binafsi mwulize mhudumu wa afya anayekuona. Msimamo wetu tunautoa mapema: lawama nyingi anazobebeshwa mgonjwa kwa usugu, yaani bakteria kutosikia tena dawa, zinawahusu zaidi wanaopanga bajeti, sheria na malipo, na huko ndiko nguvu ya utetezi inakopaswa kuelekezwa.

Kwani tatizo si watu kumeza dawa ovyo? Sera inaingiaje hapo?

Mtu anayenunua vidonge vinne badala ya dozi nzima huwa ana sababu zake. Kituo cha afya kiko mbali, au foleni yake inamaliza siku, na siku asiyofanya kazi ni siku asiyopata kitu. Akifika, kipimo hakuna. Dukani anahudumiwa mara moja, na mwuzaji naye anaishi kwa kile anachouza. Ukimpa mtu huyu kipeperushi cha kumkataza kununua dawa bila ushauri wa daktari, na hayo mengine ukayaacha yalivyo, atarudi dukani vilevile. Ila safari hii ataficha.

Elimu kwa umma hatuipingi, tena tunaifanya. Lakini elimu humfaa mtu mwenye pa kwenda. Kwa hiyo kila tunapoombwa kampeni ya mabango, tunauliza kwanza: mgonjwa akitii bango hili, atapokelewa na nani, wapi, na kwa kipimo gani?

Usugu maana yake mwili wangu umeizoea dawa?

Hapana, na dhana hii ina madhara, kwa sababu inamfanya mtu aamini kwamba asiyewahi kutumia antibiotiki yuko salama. Wanaobadilika ni bakteria. Wengine hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja dawa, wengine huisukuma nje kabla haijafanya kazi, wengine hubadili ile sehemu ambayo dawa huishambulia. Baya zaidi, wanaweza kupeana uwezo huo, hata bakteria wa jamii tofauti. Mtoto mchanga ambaye hajawahi kumeza kidonge anaweza kuambukizwa bakteria ambao tayari ni sugu.

Ukipata nafasi, omba kuingia maabara uone kipimo chenyewe. Mtaalamu hupaka bakteria waliotoka kwenye mkojo au usaha wa mgonjwa juu ya chakula chao kilichoganda ndani ya kisahani cha duara. Kisha hupachika juu yake vipande vidogo vya karatasi, kila kimoja kikiwa na dawa yake, na kukiacha kisahani kwenye joto kama la mwili usiku kucha. Asubuhi uso wote umefunikwa na utando wa bakteria, isipokuwa pale dawa ilipofanya kazi: kuzunguka karatasi kuna duara safi, na upana wake hupimwa kwa milimita. Utando ukiwa umeota hadi kwenye ukingo wa karatasi, dawa hiyo haimsaidii mgonjwa huyo. Tumeona watunga sera waliokaa na ripoti za kurasa nyingi bila kushtuka wakinyamaza walipoonyeshwa kisahani chenye karatasi sita na duara moja tu.

Tatizo lina ukubwa gani?

Utafiti mkubwa uliochapishwa Januari 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na vifo milioni 4.95 vilihusishwa na maambukizi hayo. Chunga tofauti ya tarakimu hizi mbili unapozitumia hadharani. Ya kwanza inahesabu watu ambao wasingekufa kama bakteria wale wangesikia dawa. Ya pili inahesabu wote waliokufa wakiwa na maambukizi sugu, wakiwemo ambao huenda wangekufa hata kama dawa ingefanya kazi. Wapo wanaochukua ile kubwa na kuieleza kama ile ndogo. Mtaalamu mmoja akisimama kwenye kikao na kuwasahihisha, hoja yote iliyobaki inapoteza uzito.

Utafiti uliofuata, wa 2024, ulikadiria vifo zaidi ya milioni 39 vya moja kwa moja kati ya 2025 na 2050 mambo yakiendelea hivi.

Antibiotiki inatibu mafua na kikohozi?

Mafua na vikohozi vingi huletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Ushahidi wa jinsi tunavyoiongeza "kwa usalama" ulionekana wakati wa UVIKO-19: Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza 2024 kwamba takriban 8% tu ya wagonjwa waliolazwa ndio waliokuwa pia na maambukizi ya bakteria, lakini karibu watatu kati ya kila wanne walipewa antibiotiki.

Tuendelee kuwaambia watu "maliza dozi hata ukipona"?

Waambieni: tumia kama ulivyoelekezwa, kwa siku ulizoandikiwa. Ujumbe wa zamani ulikuwa na nia njema, lakini utafiti umeonyesha kwamba kwa maambukizi kadhaa ya kawaida dozi fupi inatibu sawa na ndefu. Nimonia isiyo kali ya mtu mzima, kwa mfano, mara nyingi hutibiwa kwa siku 5. Kila siku ya ziada isiyo na faida inawapa bakteria wengine wa mwilini nafasi ya kujenga usugu. Hii haimpi mgonjwa ruhusa ya kuacha anapojisikia nafuu. Kifua kikuu, hasa, kina ratiba ya miezi, na kuikatiza ni hatari kwake na kwa anaokaa nao.

Kazi ya utetezi hapa iko kwenye miongozo ya matibabu. Uliza mwongozo wa nchi yako ulihuishwa lini, na kama siku zilizoandikwa humo zinalingana na ushahidi wa sasa. Mgonjwa hawezi kufupisha dozi ambayo mwongozo umeirefusha.

Kuzuia uuzaji bila cheti cha daktari si kuwanyima maskini dawa?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote humu, na anayelijibu kwa sentensi moja hajalifikiria. Wapo watu wanaokufa kwa kukosa antibiotiki ya kawaida kabisa, ya gharama ndogo, kwa nimonia au kwa sumu ya damu ya mtoto mchanga. Sera inayopunguza matumizi bila kuwafikia watu hawa haistahili kuitwa sera ya matumizi sahihi.

Nchi zilizojaribu zinatufundisha mambo tofauti. Chile ilianza kusimamia kwa dhati sharti la cheti mwaka 1999. Mauzo yakashuka sana, kisha macho yalipogeukia mengine yakaanza kupanda polepole. Brazili iliweka mwaka 2010 utaratibu wa duka kubaki na nakala ya cheti, hivyo mkaguzi akawa na kitu cha kukagua. Korea Kusini mwaka 2000 ilitenganisha kazi ya kuandika dawa na ya kuiuza, kwa sababu daktari anayepata faida kwenye kila kidonge ana kishawishi hata akiwa mwadilifu.

Msimamo wetu ni wa hatua kwa hatua. Pale ambapo daktari yupo na anafikika, simamieni cheti bila kulegea. Pale ambapo duka la dawa ndilo kituo pekee cha afya, kulifunga ni kuwaacha watu mikono mitupu. Afadhali mwuzaji apewe mafunzo, orodha fupi ya dawa anazoruhusiwa kutoa kwa magonjwa yaliyotajwa, dalili za kumpeleka mgonjwa mbele, na ukaguzi unaofika kweli. Zile dawa nzito za sindano za hospitali zisiguswe huko kwa hali yoyote. Na sheria yoyote iandikwe pamoja na ratiba ya kuongeza wahudumu, maana agizo lisilo na mhudumu nyuma yake huishia kuzaa soko la kificho.

Makundi matatu ya WHO ni yapi, na yanatusaidia nini?

Tangu 2017 WHO hugawa antibiotiki katika makundi matatu. La kwanza ni la kupatikana kwa urahisi: dawa kama amoksisilini, doksisaiklini na metronidazoli, za kuanza nazo kwa maambukizi mengi. La pili ni la kuangaliwa kwa makini, na humo zimo siprofloksasini, azithromaisini na seftriaksoni. La tatu ni la akiba, kama kolistini na linezolidi, kwa mgonjwa ambaye nyingine zimeshindwa.

Kwa mtetezi huu ni mtambo wa kupimia. Tamko la kisiasa lililopitishwa Umoja wa Mataifa Septemba 2024 linalenga angalau 70% ya antibiotiki zinazotumiwa na binadamu duniani ziwe za kundi la kwanza ifikapo 2030. Basi uliza hospitali ya eneo lako: kati ya antibiotiki mlizotoa mwaka jana, kundi la kwanza ni asilimia ngapi? Hesabu hiyo inaweza kufanywa kwa daftari la stoo ya dawa na kikokotoo. Wakijibu hawajui, umeshapata ombi lako la kwanza: waanze kuhesabu. Wakija na jibu la 30%, mnalo la kuzungumza kwa mwaka mzima.

Madaktari wanajua haya yote. Kwa nini bado wanaandika?

Kwa sababu kujua ni jambo moja, na kukaa na mgonjwa mwenye homa kwa dakika tano huku wengine arobaini wakisubiri ni jambo jingine. Daktari anaogopa kukosea, anaogopa mgonjwa kuondoka hajaridhika, na kuandika ni haraka kuliko kueleza.

Yapo yaliyofanya kazi bila adhabu. England, vituo vya tiba vilivyokuwa vinaandika antibiotiki kwa wingi vilitumiwa barua ya Mganga Mkuu wa Serikali ikivieleza kwamba 80% ya vituo vya eneo lao viliandika chini yao. Matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha uandikaji ulishuka kwa 3.3%. Inaonekana kidogo, lakini gharama yake ilikuwa barua. Marekani, madaktari walioweka kwenye chumba cha kuonea wagonjwa bango lenye picha na sahihi yao, wakiahidi kutoandika antibiotiki isipohitajika, walipunguza uandikaji usiofaa kwa takriban pointi 20 za asilimia wakilinganishwa na wenzao. Hayo yalichapishwa 2014. Uswidi ina mtandao wa Strama tangu 1995, ambao huwakutanisha wataalamu wa kila eneo wakiwa na takwimu zao wenyewe mezani.

Jambo la pamoja hapo ni kwamba mwandishi wa dawa anaonyeshwa picha yake mwenyewe, na mwenzake wa taaluma ndiye anayemwonyesha. Tunaamini njia hii kuliko vitisho. Palipo na vitisho, cheti hubadilishwa ugonjwa: "mafua" yanageuzwa "nimonia" ili dawa ipate uhalali, na takwimu zote zinaharibika.

Mifugo inahusika vipi?

Inahusika sana. Duniani sehemu kubwa ya antibiotiki zinazouzwa huenda kwa wanyama, na nyingi kati ya hizo hupewa kundi zima ambamo wengi hawaumwi, kwenye maji au chakula, ili wanenepe haraka au wasiugue katika mabanda yaliyobanana.

Mfano tunaopenda kuutoa ni wa kolistini. Novemba 2015 watafiti nchini China walitangaza kugundua jeni linaloitwa mcr-1, linalowapa bakteria usugu dhidi ya kolistini na linaloweza kuhama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine. Walilikuta kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa hospitalini. Dawa ya akiba ya binadamu ilikuwa inachanganywa kwenye chakula cha mifugo kwa tani. Mwaka 2017 China iliiondoa kolistini kwenye orodha ya vikuzaji, yaani dawa za kunenepesha mifugo, na miaka michache baadaye tafiti zilionyesha jeni hilo limepungua sana kwa nguruwe na kwa watu. Anayekwambia kwamba sera haina nguvu mbele ya vijidudu, msimulie hili.

Uswidi ilipiga marufuku vikuzaji hivyo mwaka 1986, Umoja wa Ulaya wote mwaka 2006, na tangu Januari 2022 Umoja huo umezuia pia kuwapa wanyama antibiotiki kama desturi ya kufidia usafi mbovu. Denmark ilikwenda kwenye fedha: katikati ya miaka ya 1990 ilibana faida ya madaktari wa mifugo kwenye mauzo ya dawa, na mwaka 2010 ikaanzisha "kadi ya njano" kwa wafugaji wa nguruwe wanaovuka kiwango kilichowekwa.

Mfugaji mdogo anahitaji kitu kabla ya marufuku: chanjo zinazofika kwa wakati, daktari wa mifugo anayepatikana, ushauri wa banda na maji safi. Mwiteni kwenye meza tangu rasimu ya kwanza. Akija kusomewa uamuzi uliokwisha kupita, mmemgeuza mpinzani bila sababu.

Si kampuni zitengeneze tu dawa mpya?

Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Dawa mpya nzuri inatakiwa iwekwe akiba, itumike kwa nadra. Lakini kampuni hurudisha gharama zake kwa kuuza kwa wingi. Kampuni ya Marekani ya Achaogen ilipata idhini ya antibiotiki yake, plazomisini, Juni 2018, na Aprili 2019 ikaomba ulinzi wa kufilisika. Ilifanikiwa kisayansi na ikafa kibiashara ndani ya mwaka mmoja.

Ndiyo maana Uingereza mwaka 2022 ilianza kulipa ada isiyobadilika kwa mwaka kwa antibiotiki mbili, ziwe zimetumika nyingi au chache. Tunaunga mkono malipo ya namna hiyo, kwa sharti moja: fedha ya umma ikiingia, masharti ya dawa kufika nchi zenye kipato kidogo yaandikwe kwenye mkataba uleule. Usitegemee hisani ya baadaye.

Nchi yetu tayari ina mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu. Kazi si imeisha?

Mpango wa Kimataifa wa WHO ulipitishwa Mei 2015, na baada yake nchi zaidi ya 170 zimeandika mipango yao. Kufikia 2023 takriban 11% tu ya nchi zilikuwa zimeutengea mpango wao bajeti. Tamko la 2024 lilijibu hilo kwa kulenga angalau 60% ya nchi ziwe na mipango yenye fedha ifikapo 2030, pamoja na kupunguza vifo vinavyohusishwa na usugu kwa 10% tukilinganisha na vile milioni 4.95 vya 2019. Nchi wanachama walikubali kwa pamoja, kwa hiyo unapozungumza na serikali yako unaikumbusha ahadi yake yenyewe.

Chukua kitabu cha bajeti na uutafute mpango humo. Usipouona, uliza ni kifungu gani kinalipia vifaa vya maabara ya kuotesha vimelea, ni kipi kinalipia ukaguzi wa maduka ya dawa, na nani anaitisha kikao cha wizara za afya, mifugo na mazingira. Kikao hicho kikiwa hakijaitishwa kwa mwaka, umeshajua mpango uko kwenye kabati.

Maji na chanjo vina uhusiano gani na antibiotiki?

Ugonjwa usiotokea hauhitaji dawa. Wodi ya wazazi isiyo na maji ya bomba hulazimika kuwapa akina mama antibiotiki kufidia mikono isiyooshwa. Tamko la 2024 linataka huduma za msingi za maji na usafi kwenye vituo vyote vya afya ifikapo 2030. Kama una nguvu ya kudai jambo moja tu mwaka huu, hili ni chaguo zuri, na ni rahisi kueleweka na kila mtu.

Tukubali ufadhili wa kampuni ya dawa?

Sisi tunashauri msikubali kwa shughuli yoyote inayohusu dawa gani itumike, ikiwemo semina za madaktari na vifaa vya elimu. Mkikubali kwa jambo jingine, tangazeni kiasi na chanzo. Kanuni hiyohiyo iwabane wauzaji wa chakula cha mifugo.

Nina vidonge vilivyobaki nyumbani. Niwape wanaohitaji?

Usimpe mtu. Virudishe kwenye duka la dawa au kituo kinachopokea dawa za kuteketeza. Palipokosekana utaratibu huo, mdai diwani wako auanzishe.

Wiki ya Novemba inafaa kwa lipi?

Wiki ya Dunia ya kuhamasisha kuhusu usugu wa dawa ni tarehe 18 hadi 24 Novemba kila mwaka. Maandamano na fulana hatuna ugomvi navyo. Lakini vyombo vya habari hutafuta habari wiki hiyo na viongozi hutafuta jukwaa, kwa hiyo itumieni kumfanya kiongozi atamke ahadi yenye tarehe mbele ya kamera. Maombi yapelekwe mapema, wakati bajeti bado inaandikwa, kufuatana na kalenda ya nchi yenu.

Mimi si mtaalamu. Barua yangu kwa mbunge iwe na nini?

Ukurasa mmoja. Aya ya kwanza ieleze kisa kimoja cha kweli kutoka jimboni, kwa idhini ya mhusika na bila jina lake: maambukizi gani, dawa ngapi zilishindwa, siku ngapi za kulazwa, nani aliyelipa. Aya ya pili iwe na takwimu mbili, moja ya dunia na moja ya hospitali ya hapo. Aya ya tatu iombe jambo moja linaloweza kutendwa na ofisi yake: swali bungeni, kifungu cha bajeti, au kikao na mganga mkuu. Ukiomba mambo saba atachagua lile jepesi na kukushukuru.

Sahihi za watu wanaotofautiana huongeza uzito kuliko wingi wa sahihi zinazofanana. Muuguzi, mfugaji, mfamasia na kiongozi wa dini wakisaini pamoja, ofisi hujiuliza nani mwingine yuko nyuma yao. Omba jibu kwa maandishi, taja tarehe utakayofuatilia, na siku hiyo ikifika upige simu hata kama unajua jibu halijaandikwa.